Ufukwe Usiotakiwa Kuwa na Nyayo

Kisigino cha Mama Reki kiligusa vidole vya mtu.

Hapo ndipo tulipoachana Jumamosi iliyopita, na nimeambiwa wapo waliolala taa ikiwaka. Kwa ajili ya aliyenunua gazeti leo ili afungie sabuni, akajikuta anasoma, nitarudi hatua moja nyuma. Moja tu.

Mama Reki anafagia mchanga kinyumenyume. Ndiyo kazi aliyoajiriwa. Kila kunapopambazuka, wageni wakiwa bado wamelala, anaanza kwenye ukingo wa maji na kurudi nyuma akivuta reki, anafuta hata pale alipokanyaga mwenyewe, mpaka anafika kwenye ngazi za mbao. Mgeni akifungua mlango anakuta ufukwe umenyooka kama shuka iliyopigwa pasi. Anajiambia, mimi ndiye mtu wa kwanza kufika hapa. Hicho ndicho alichokuja kukinunua.

Tangazo mmeliona. Limo katika kurasa za rangi za gazeti hili hili, mhariri anisamehe. "Ufukwe wa siri. Mchanga ambao haujakanyagwa. Njoo upumzike, njoo usahau." Usahau nini, na kwa faida ya nani, tangazo halisemi.

Basi leo, katikati ya kazi, mgongo ukiwa umeelekea nchi kavu, kisigino chake kikagusa vidole. Vya baridi. Vimelowa. Vya mtu aliyesimama nyuma yake bila hata kukohoa.

Nywele zilimsimama mpaka nyuma ya masikio. Hakugeuka.

"Kama ni wewe," alisema polepole, "nipishe. Nina kazi."

Alisikia tone la maji likidondoka mchangani. Kimya. Tone jingine.

Akapiga moyo konde, akageuka.

Hapakuwa na mtu. Palikuwa na nyayo mbili, vidole vikimwelekea yeye, zimezama sawasawa kama za mtu aliyekaa hapo muda mrefu akimwangalia anavyofanya kazi. Wa kushoto ulikuwa na vidole vyote. Wa kulia haukuwa na kidole gumba.

Msomaji wa siku nyingi anajua ni za nani. Ni za kaka yake, aliyeitwa Tisa tangu siku alipopasua kuni kwa haraka, shoka likamchagulia kidole cha kuachana nacho. Vilibaki tisa, jina likawa hilo, na mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kulicheka. Tisa hajaonekana tangu siku ya malori.

Siku ya malori nitaitaja kila wiki, maana wapo wanaolipwa ili isitajwe. Hapa palikuwa na kijiji. Palikuwa na nyumba, shule ya vyumba viwili, na kisima kilichojengwa kwa mawe. Asubuhi moja malori yakaja na kipaza sauti: ufukwe umepata mwenyewe, ni Kampuni, kila mtu apande na anachoweza kubeba. Watu wakapelekwa mlimani, kwenye mawe, mahali ambapo bahari unaiona tu kwa mbali kama mali ya jirani. Tisa alikataa kupanda. Baadaye Kampuni ikasema alihamia mjini. Ameonekana, walisema. Amenenepa. Ana mke wa pili.

Mama yake hakusadiki. Tangu mvua zianze yuko kitandani kule mlimani, hali chakula, dawa anazitema, na kufa hataki. "Siwezi kumkuta baba yenu huko," anasema, "akaniuliza mtoto yuko wapi, nikabaki natazama chini."

Hilo ndilo Mama Reki analotafuta. Hatafuti haki wala hatafuti mahakama, mimi ndiye ninayetafuta hizo. Yeye anataka kwenda kumwambia mama yake: yuko mahali fulani.

Na linalomkaba koo ni hili. Misimu mitatu alizikuta nyayo zile alfajiri, zikitoka upande wa kibanda cha masaji na kurudi huko huko. Misimu mitatu alizifuta. Mwanzoni alidhani ni mlinzi anayetembea pekupeku. Alipotambua si mlinzi, mkono ulikuwa umekwisha kuzoea. Ulifuta kabla kichwa hakijaamka. Kampuni ilimwondoa Tisa mara moja. Dada yake amekuwa akimwondoa kila siku, kwa reki, kinyumenyume.

Leo alipiga magoti. Ndipo alipoona maji.

Bahari ilikuwa imekupwa, iko mbali kule, lakini nyayo zile zilikuwa zinajaa. Maji yalipanda kutoka chini, taratibu, kama mtu anayejaza kikombe bila kutaka kumwaga. Mama Reki alichovya kidole, akalamba.

Hayakuwa na chumvi.

Ulimi wake ulikumbuka kabla yake. Jiwe, majani, ubaridi unaouma meno. Alikuwa msichana mdogo, ndoo kichwani, Tisa akimrushia maji mgongoni na kukimbia.

"Maji ya kisima," alisema.

Sasa sikiliza kwa nini maneno hayo matatu yangeweza kumfukuzisha mtu kazi. Mgeni akiuliza kama zamani palikuwa na wenyeji, Meneja ana jibu lake tayari: hapa hakuna tone la maji matamu, sisi wenyewe tunaletewa kwa boza, nani angeishi? Mgeni anatikisa kichwa kukubali, anageuka upande wa pili apakwe mafuta. Kisima kikionekana, jibu limekufa.

"Mama Reki. Unafagia au unasali?"

Meneja huyo hapo. Wafanyakazi wanamwita Tabasamu, kwa sababu huwaamuru watabasamu hata wakiwa wamebeba mitungi ya gesi. Ni kijana. Siku ya malori alikuwa anajifunza kusoma, mahali pengine kabisa, na alichoambiwa na Kampuni ndicho anachokiamini. Nyuma yake alikuja mwanamke mwenye kofia pana na kamera shingoni.

Huyo ni Mwandishi. Kazi yake ni kuzunguka kwenye fukwe zisizojulikana na kuzifanya zijulikane. Zikishajaa watu, anatafuta nyingine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nyayo hizi ni za nani?"

"Za mlinzi," Meneja alidakia. "Mama, hebu pitisha reki hapo."

"Sipitishi."

"Unasemaje?"

"Nimefuta misimu mitatu. Leo mkono umegoma."

Meneja alicheka, kicheko cha kumtuliza mgeni. "Mama yetu huyu ana utani sana."

Mwandishi alikuwa amechuchumaa. "Mlinzi wenu ana vidole vinne mguu wa kulia?"

"Ana... sijawahi kumvua viatu, madamu."

"Si mlinzi," alisema Mama Reki. "Ni kaka yangu."

Akasema yote. Kijiji, malori, kisima, mama yake kitandani. Alisema bila kupandisha sauti, macho kwenye nyayo, kama anayeogopa zitaondoka akipepesa. Mwandishi alivua kofia, akakaa mchangani na nguo zake safi. Machozi yalimlengalenga.

"Pole sana, mama. Jamani. Pole sana."

Mama Reki alihisi kitu kinalegea kifuani. Amepatikana mtu, alijiambia. Mwenye kalamu. Mwenye magazeti.

Mwandishi aliinuka, akamvuta Meneja pembeni, chini ya mwavuli wa makuti. Walinong'ona. Lakini upepo wa asubuhi pale hutoka nchi kavu kuelekea baharini, alikokuwa Mama Reki, na upepo haukuajiriwa na Kampuni.

"Mbona mnalificha jambo hili?" alisema Mwandishi.

"Tutalishughulikia, madamu. Leo leo. Mama yule ataondoka."

"Aondoke? Wewe una wazimu? Nimetembea fukwe za pwani nzima. Zote zina mchanga mweupe. Zote zina minazi na bembea ya kamba. Zote zinasema hazijakanyagwa. Hakuna hata moja yenye mzimu."

"Mzimu?"

"Mpole. Anatembea asubuhi, hadhuru mtu, anarudi zake. Watu watakuja na watoto."

Meneja alimgeukia Mama Reki kule mbali, akamtazama. Kisha tabasamu likaanza kumfunguka upande mmoja wa mdomo, kama pazia.

Alirudi kwa Mama Reki akiwa mtu mwingine. Alimshika mkono, akamwinua, akampangusa mchanga magotini kama mwana kwa mzazi.

"Mama, kuanzia kesho hufagii tena. Unasimulia."

"Nasimulia nini?"

"Habari za kaka. Utakaa hapa, kwenye kiti, una mwavuli, una sare mpya ya kitambaa laini. Wageni wanakunywa chai, wewe unawaambia. Ila malori tuyaache. Malori yanaharibu mapumziko ya watu. Tuseme alizama kwa ajili ya mapenzi."

"Mapenzi ya nani?"

"Yeyote yule. Binti wa ng'ambo."

"Kaka yangu alipenda karanga na usingizi wa mchana."

"Basi binti alikuwa anakaanga karanga. Mama, tusaidiane."

Sitamficha mtu. Mama Reki aliufikiria ule mwavuli. Magoti yake yanalia kama bawaba kila anapoinuka, na kiti ni kiti. Alijiona amekaa, reki imetundikwa ukutani, jina la kaka yake likitajwa kila siku na watu waliovaa miwani ya jua. Si afadhali atajwe hata hivyo? Swali hilo limewanunua wengi, na wengine tulisoma nao.

Ndipo mashine ikaunguruma kule kwenye kibanda cha masaji.

"Kuna nini kule?"

"Sakafu," alisema Meneja. "Inatoka jasho kila siku, wageni wanateleza. Fundi anamwaga zege jipya. Nene. Likikauka limekauka, hatusumbuliwi tena."

Mama Reki aliiangusha reki.

Alikuwa hajanyanyua mguu mchanga ulipobonyea mbele yake. Kisigino kwanza, vidole baadaye. Ukabonyea tena, mbele zaidi. Kushoto, kulia, kushoto. Nyayo zilijichora kwenye mchanga aliokuwa ameufagia dakika chache zilizopita, na kila unyayo ulipotokea ulijaa maji. Hazikuwa na haraka. Zilikwenda kama mtu anayemwonyesha mgeni njia, kuelekea kwenye kibanda.

Mama Reki alizifuata, akiweka miguu yake kando, asizikanyage.

Meneja aliona. Mwandishi pia aliona, na kamera yake ikaanza kulia kwa kasi. Tabasamu la Meneja lilibaki usoni, limesahauliwa, kama taa ya nyumba iliyohamwa.

Kibandani, Fundi alikuwa anakoroga zege, kifua wazi, saruji kwenye nyusi. Msomaji mpya ajue: Fundi huyu ni mtalaka wa Mama Reki, baba wa watoto wake, na alizaliwa kijiji hicho hicho.

"Zima mashine," alisema Mama Reki.

"Hata salamu, mama watoto?"

"Zima. Sitaki utani leo."

"Mara ya mwisho uliposema hivyo nililala kwa dada yangu mwezi mzima." Lakini alimtazama usoni, akazima. "Kuna nini? Mama amefariki?"

"Bado. Chini ya sakafu hii kuna nini?"

Fundi alijifuta jasho kwa kiganja, akajipaka saruji zaidi. "Ukigonga kila mahali panalia pau, pau. Ukigonga hapo katikati panalia kama debe tupu. Nilimwambia bosi wako. Akasema ongeza zege."

"Ni kisima chetu."

"Acha hizo. Kisima kilikuwa nyuma ya shule."

"Na shule ilikuwa wapi? Nionyeshe kwa kidole."

Fundi alitoka mlangoni. Alinyoosha kidole upande wa minazi. Akakihamisha. Akakirudisha. Minazi ya zamani iling'olewa, ikapandwa mingine kwa mstari, ipendeze kwenye picha. Kilima kidogo walichokuwa wakiteleza utotoni kilisawazishwa na greda. Mtu mzima, aliyezaliwa pale, akasimama na kidole hewani hajui akielekeze wapi. Mkono ukamshuka wenyewe.

"Wametupoteza kwetu," alisema.

"Baba watoto, mama anasubiri. Amekauka amebaki mifupa, anasubiri. Na Tisa ndiye aliyekuwa mshenga wetu."

"Hilo nalijua. Nikimpata nina maneno naye."

Hakucheka alipolisema. Alikwenda pembeni, akatupa beleshi, akarudi na sururu.

"Fundi." Meneja alikuwa mlangoni, anahema. "Ukigonga hapo umemwaga unga."

"Mimi kibarua, mkubwa. Unga wangu unamwagwa kila jioni, asubuhi nauzoa."

"Nasema toka hapo."

Meneja aliingia. Alikwenda moja kwa moja katikati ya kibanda, akasimama juu ya mahali penyewe, miguu imetanuka, viatu vyake vyeusi vinang'aa. "Mnipige mimi kwanza," alisema. Hakuwa mwoga, tumpe haki yake. Alikuwa ameajiriwa tu, na aliajirika vizuri.

Fundi alishusha sururu. Hawezi kumpiga mtu, hata mwenye viatu vile.

Kibanda kikapoa. Si kwa upepo. Upepo ulikuwa umesimama, makuti hayakutikisika. Harufu ya mafuta ya kukandia wageni ilikatika, ikaja harufu ya jiwe bichi.

Kwenye vigae vikavu, karibu na mlango, ulitokea unyayo wa maji.

Ukafuata mwingine. Zilipita kando ya Mama Reki, karibu mno, kiasi kwamba alihisi ubaridi kwenye kifundo cha mguu. Zilipita kando ya Fundi, naye akainamisha kichwa kama anayempisha mkubwa. Zilikwenda mpaka kwa Meneja. Zikasimama mbele ya viatu vyake, vidole kwa vidole, umbali ambao watu husimama wakitaka kuambiana siri.

Hapakuwa na mtu. Lakini nywele za Meneja pale mbele zilicheza, kama zinapulizwa.

Tone la maji likadondoka juu ya kiatu cha kulia. Tone la pili likadondoka juu ya cha kushoto.

Jasho jembamba lilimtoka Meneja. "Mimi," alisema kwa sauti ya mtoto wa shule, "mimi niliambiwa hapakuwa na watu."

Akapiga hatua pembeni. Moja tu, na ilitosha.

Sururu ilishuka.

Vigae vilipasuka kwa urahisi. Chini yake palikuwa na saruji, na saruji ile ilikuwa mbovu, ya mtu aliyekoroga kwa pupa. Fundi aliipiga akitoa sauti tumboni kwa kila pigo. Chini ya saruji palikuwa na mchanga, chini ya mchanga mabati yaliyooza. Mama Reki aliyavuta kwa mikono yake mwenyewe. Moja lilimkata kiganja, hakuangalia.

Bati la mwisho lilipotoka, ubaridi ulipanda ukawagusa wote nyusoni. Shimo la duara. Mawe yaliyopangwa kwa mkono, yana michirizi ya kamba za miaka na miaka. Kila mwanamke wa kijiji kile aliwahi kuinama hapo.

Fundi alilala kifudifudi, akawasha tochi ya simu, akauingiza mkono ndani.

"Unaona nini?"

"Mawe. Maji ni kidogo, yako chini sana." Tochi ilisogea. "Kuna..."

Misuli ya mgongo wake ilikaza.

"Sema, baba watoto."

"Nimemwona."

Mama Reki alikaa chini, palepale kwenye kifusi. Hakulia. Alivuta kanga yake akafunika magoti, kama mtu aliyeingia kwenye nyumba ya heshima.

"Amekaaje?"

"Amekaa. Ameegemea ukuta."

"Una hakika ni yeye?"

"Mama watoto. Ule mguu naujua. Mimi ndiye niliyemfunga kitambaa siku ya shoka."

Kamera ililia. Mwandishi alikuwa ameingia kimya, amepiga goti moja, jicho limefichwa nyuma ya kioo. "Hapa juu pawekwe kioo," alimnong'oneza Meneja, bila kuondoa jicho. "Kioo kinene, na taa kule chini. Wageni wawe wanasimama juu wanatazama." Meneja alikuwa ameketi kwenye kitanda cha kukandia, anavua viatu, hajui kwa nini anavivua.

Mama Reki alitoa simu kifuani. Vidole vilikuwa na damu, vikateleza kwenye namba, akaanza upya.

Kule mlimani ilipokelewa na sauti ya mwanamume.

"Nani mwenzangu?" aliuliza Mama Reki.

"Nimekuja kumwona mgonjwa tu. Wenye nyumba wamekwenda kutafuta kuni. Subiri, nimwekee sikioni."

Akasikia pumzi ya mama yake. Nyembamba, yenye mkwaruzo.

"Mama. Ni mimi. Nimempata."

Pumzi ilisimama.

"Hakwenda mjini, mama. Hakuoa mtu. Yuko hapa hapa nyumbani, kwenye kisima. Hakutoka hata siku moja."

Kisha mama alitoa pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo mlangoni lakini bado hajaingia ndani.

"Alhamdulillahi," alisema. Na baada ya kidogo, kwa sauti ile ile, kama anayeuliza habari za majirani: "Na wenzake?"

"Wenzake gani, mama? Tisa alibaki peke yake. Sisi wote tulipanda."

"Mama watoto," aliita Fundi.

Hakuwa ameinuka. Kichwa kilikuwa bado ndani ya kisima, na sauti ilitoka kama ya mtu aliye mbali. "Usimwambie hivyo mama."

"Nisimwambie nini?"

Fundi aliuchomoa mkono wenye tochi. Uso wake ulikuwa umebadilika, saruji na machozi vimechanganyika vimekuwa tope. Alinyanyua mkono mmoja, vidole vimetanuka. Akanyanyua wa pili. Akavikunja vyote, akavifungua tena. Akavikunja, akavifungua. Mwisho akaishusha mikono yote miwili, akaiacha ilale sakafuni.

"Kuna mtoto mgongoni mwa mama yake," alisema.

Mwandishi aliishusha kamera. Kwa mara ya kwanza tangu afike ufukweni macho yake yalionekana yote mawili. "Hili," alisema, "mimi siwezi kuliandika. Nani atakuja kupumzika?"

"Mama," alisema Mama Reki kwenye simu. Ulimi ulikuwa mzito. "Mama, kuna watu humu. Wengi. Ni akina nani?"

"Ni wa lori la mwisho," alisema mama.

Na Mama Reki akakumbuka. Sote wa mlimani, na mimi mmoja wao, tulilijua, na sote tulikubali kulisahau. Lori lililokuwa nyuma kabisa, la familia zilizokaa karibu na kisima, zile zilizogoma na Tisa mpaka jua likazama. Halikufika mlimani. Tuliambiwa wenyewe walichagua mjini, wamepewa nyumba za matofali, hawana shida. Tukawaonea wivu. Tulikuwa tunavunja mawe, tunalaza watoto chini ya turubai, tunawaonea wivu.

"Ulijua, mama?"

"Nilijua halikwenda mjini. Lilikokwenda sikukujua. Nimelala hapa nikingoja mtu mmoja aniambie." Pumzi ya mwanamke yule ilikuwa imeanza kupata nguvu, neno kwa neno, kama moto unaopata kuni. "Ila dereva wake sura ninayo. Nilisimama mbele ya lori lile, kwenye taa zake, nikamtazama mpaka akainamisha macho. Sura kama ile huisahau, hata ikiota mvi."

"Nani, mama? Nitajie."

"Leo amekuja kuniona mgonjwa. Ameniletea na machungwa," alisema mama, taratibu, kwa sauti ya kusikiwa chumba kizima. "Ndiye aliyenishikia simu hii, mwanangu. Na mkono wake umeanza kutetemeka."